Maji ya Buluu ya Kona Omanga

Priscah alikuwa mwanamke wa kinyaa, na kazi iliyomlisha ilikuwa ya kusafisha vyoo.

Kinyaa chake hakikuwa cha maringo, kama cha wale wanaoziba pua hadharani ili waonekane wametoka nyumba bora. Chake kilimkaa tumboni. Akiona unywele kwenye ugali, siku hiyo hali tena. Akikaribishwa chai, alikigeuza kikombe akatazama kitako chake kwanza, hata kama aliyemkaribisha ni mke wa mchungaji. Alizaliwa Sindo, ufuoni, mtoto wa mchuuzi wa samaki, akakulia kati ya matumbo ya mbuta na nzi wa kijani. Wenzake walizoea, yeye akashindwa. Alikuwa akioga ziwani asubuhi na jioni, akijisugua kwa jiwe mpaka mama yake akamwambia siku moja atajichubua abaki mifupa.

Aliolewa Macalder na mchimba dhahabu aitwaye Nashon. Miaka kumi na mmoja aliosha mchanga kwenye karai, akiukanda pamoja na zebaki kwa mikono mitupu, usiku akilala na harufu ya chuma kwenye kucha. Shimo lilipomfukia Nashon, shemeji mmoja akaja na shuka lake begani kumrithi mjane kama ilivyo desturi. Priscah alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akamtazama vidole alipokuwa akikishika kikombe. Kucha zilikuwa nyeusi hadi kwenye nyama. Akasema hapana. Wazee waliuliza sababu, akawaambia ni mambo ya wokovu. Wiki iliyofuata alimfunga mwanawe Phanice mgongoni, akapanda gari la Migori, na Macalder hakurudi tena ila kwa matanga.

Ndivyo alivyofika Kona Omanga.

Kona Omanga ni pale mwisho wa mji wa Migori, barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Isebania inapokutana na ile ya kushuka Macalder na Muhuru. Zamani palikuwa na duka moja tu la mabati, la mzee aliyeitwa Omanga, na abiria wakisubiri gari kwenye vumbi. Lami ilipopanuliwa, pakajengwa steji kubwa yenye ukuta, milango miwili, vibanda vya chakula, na nyuma kabisa jengo la vyoo lenye milango minane. Mabasi ya Nairobi huingia kabla jua halijapanda, yakishusha watu waliovimba miguu. Magari ya Homa Bay, ya Kisii na ya mpakani hubadilishana abiria mchana kutwa. Kila anayeshuka, kabla ya kuuliza gari la kuendelea, huuliza choo kiko wapi.

Vyoo hivyo vilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya kusafisha, na kampuni hiyo ilikuwa na mtu wake pale, Stanley, kijana wa viatu vilivyochongoka aliyekuja mara moja kwa wiki. Kazi yenyewe ilikuwa ya Priscah. Alivaa gambuti nyeusi na glavu za mpira zilizofika viwikoni, akafunga kitambaa puani, akaingia vitani kila asubuhi. Aliyoyakuta humo hakuwahi kumsimulia mtu. Watu wazima, wenye tai, wenye Biblia kwapani, walifanya mambo ambayo ng'ombe angeona haya. Walikosea tundu lililo chini yao. Walijipangusa ukutani. Kina mama walisokota nepi wakaisindilia dirishani, makanga wa magari wakatema miraa kwenye sinki. Priscah alitapika wiki mbili za kwanza. Baadaye hakutapika tena, lakini hakuzoea, na kwa kuwa hakuzoea, alisafisha kuliko mtu mwingine yeyote ambaye angezoea. Wanawake waliotoka Nairobi walikuwa wakisema choo cha Kona Omanga ni kisafi kuliko sebule zao.

Steji nzima ilimwita Nyar Sindo, binti wa Sindo, na ilijua kwamba Nyar Sindo hali chochote pale. Haonji chapati wala hanywi uji. Chakula alikuja nacho kutoka nyumbani kwenye bakuli lenye kifuniko, akakila amesimama nje ya lango, akiwa ameyapa mabasi kisogo.

Kitu kimoja tu alikipokea, nacho ni mboga za Mong'ina.

Mong'ina alikuwa mama wa Kikisii wa makamo yake, mwenye kibanda cha mboga karibu na lango la chini. Walisali kanisa moja la Kisabato, wakakaa benchi moja miaka minne, na mmoja akichelewa mwenzake alimwekea nafasi kwa mkoba. Kila siku saa kumi na moja jioni, Priscah akivua gambuti, Mong'ina alimfungia fungu la sukuma wiki na kishada cha dania.

"Chukua, dada. Hii ni ya Kisii, imenyeshewa na mvua ya Mungu," alizoea kusema.

Yalikuwa majani mapana, ya kijani kizito, laini kama sikio la ndama. Priscah aliyaosha mara tatu, akayakaanga kidogo tu yasipoteze rangi. Dania aliikatia kwenye kachumbari, maana mjukuu wake Marion aliipenda mbichi. Marion alikuwa na miaka sita. Mama yake, Phanice, alikuwa akifanya kazi Nairobi, na mtoto alilelewa na nyanya yake, ambaye alimwita dani, kama watoto wa Kijaluo wanavyowaita bibi zao.

Mwaka huo, tangu mvua za Machi zianze, Marion aliugua tumbo mara tatu. Mara ya tatu alihara mpaka macho yakazama, na Priscah akambeba alfajiri hadi zahanati. Nesi alimtundikia maji, akaandika dawa, halafu akasema bila kuinua kichwa, "Mama, huyu mtoto anakula uchafu. Muwe mnaosha mikono huko nyumbani. Usafi hauna gharama."

Priscah alichukua karatasi ya dawa. Alihisi uso ukimwaka kama amepigwa kofi mbele ya kanisa zima. Yeye, wa kuambiwa anawe mikono. Alirudi nyumbani akachemsha maji ya kunywa, akachemsha vikombe, akachemsha vijiko. Alimkata mtoto kucha mpaka kidole kimoja kikatoka damu. Aligombana na jirani kwa sababu ya kuku wake, akapiga deki nyumba ya udongo mpaka sakafu ikaanza kubanduka. Na jioni akapika sukuma, akakatia kachumbari dania.

Jumanne moja mwezi wa Mei, Stanley alileta dawa mpya ya choo. Kulikuwa na wageni wanaotarajiwa, akasema, kwa hiyo vyoo vinukie. Ilikuwa dawa ya buluu, nzito kama wino. Priscah aliimimina chooni, chupa mbili nzima, akamwaga maji ndoo kwa ndoo. Alifua matambara yake ya kazi akayaanika juu ya ukuta wa nyuma. Karibu saa sita, upepo ukaja ukayabeba matambara mawili, ukayaangusha upande wa pili.

Upande huo hakuwahi kwenda. Ni mteremko wenye vichaka na takataka, na chini yake kijito chembamba. Alizunguka ukuta, akashuka akishikilia sketi isiguse majani. Tambara la kwanza alilipata kwenye mti. La pili lilikuwa limefika ukingoni mwa kijito, na alipoinama kuliokota akaona maji ni ya buluu.

Alisimama pale na tambara mkononi. Kwanza alidhani ni macho yake. Kisha akatazama juu. Kati ya vichaka palikuwa na bomba nene la plastiki, limefunikwa kwa matawi makavu yaliyokatwa kwa panga. Kutoka mdomoni mwake maji ya buluu yalikuwa yakitiririka, na pamoja na maji, vile vitu vyote ambavyo yeye alivisukuma kila asubuhi akiamini vinakwenda kwenye tangi chini ya ardhi. Karatasi zilikuwa zimenasa kwenye mizizi, nzi wametanda juu yake kama nguo.

Aliifuata buluu ile kushuka. Hatua hamsini hivi chini ya hapo, kijito kilipinda, na penye kona hiyo palikuwa na shamba. Matuta yamenyooka. Sukuma zimesimama hadi kiunoni, majani mapana, kijani kizito. Kando yake dania. Mwanamke alikuwa amechuchumaa majini, ameziba kijito kwa mawe pakawa na kidimbwi, na humo alikuwa akichovya mafungu ya mboga, akiyakung'uta na kuyapanga kwenye karai. Alikuwa Mong'ina.

"Nyar Sindo," alisema alipoinua kichwa. "Umefikaje huku?"

"Hizi ndizo za Kisii?"

Mong'ina alitazama mboga zilizo mkononi mwake kana kwamba amezikuta hapo. "Mwanzoni zilikuwa zinatoka Kisii. Kisha nauli ikapanda. Nikakodi hapa, sasa mwaka na nusu. Udongo wa hapa ni mzuri sana, dada."

"Umeona hayo maji?"

"Nimeyaona leo yana rangi. Nikasema labda ni mtu anaosha gari huko juu."

"Na siku zingine? Siku ambazo hayana rangi?"

Mong'ina aliinamia tena karai lake. Juu ya shamba, palipoinuka, ilikuwepo nyumba yake ya mabati yenye mtungi mkubwa wa maji ya mvua. Kando ya mtungi, Priscah aliona kitalu kidogo kilichozungushiwa nyavu, sukuma fupi fupi, za kawaida, hazikunawiri kama za bondeni.

"Na zile pale?" aliuliza.

"Zile ni za kwetu."

"Za kwenu kivipi?"

"Za kupika nyumbani," alisema Mong'ina, kwa sauti ndogo, na hapohapo akajua amesema nini.

Priscah aligeuka, akashika mti, akatapika. Alitapika chai ya asubuhi, kisha maji machungu, kisha upepo mtupu, na kila alipodhani amemaliza alimwona Marion akilamba kachumbari kwenye kidole. Mwaka mzima na nusu. Mong'ina alikuja na maji kwenye kopo akamsongezea. Priscah alilitazama lile kopo, akatazama mikono iliyolishika, akapanda mlima. Tambara lake aliliacha palepale.

Stanley alikuwa bado stejini, ameegemea gari akibonyeza simu. Priscah alimwambia alichokiona. Stanley hakushtuka, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Mama, hiyo ni kitu ya muda tu," alisema. "Tangi ilijaa mwaka juzi. Lori ya kunyonya inatoka mbali. Tukaweka bomba kwanza, tukingoja."

"Mkingoja nini?"

"Mambo yakae sawa. Kwani shida iko wapi? Mto si unaenda na maji yake?"

"Unaenda nayo mpaka kwa sahani yangu," alisema Priscah.

Stanley aliweka simu mfukoni. Alimsogelea, akashusha sauti ikawa ya mapenzi, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Akamwambia yeye ni mfanyakazi mzuri, kampuni inamwona, mwisho wa mwezi atakumbukwa. Hakuna haja ya kusumbua watu na mambo ya bomba. Akamwekea mkono begani. Priscah alinusa manukato yake, matamu, mazito, yamepakwa juu ya jasho la jana, akajikuta anarudi nyuma hatua mbili kama vile anavyorudi akifungua mlango wa nne upande wa wanaume siku ya Jumatatu.

Siku hiyo jioni hakupita kwenye kibanda cha Mong'ina. Alinunua mayai.

Kulipokucha alifikiri. Angekwenda kuripoti, lakini nani angemsikia mfagia choo, na bomba lingefunikwa matawi mapya kabla mtu hajaja. Alijua watu hawaamini wanachoambiwa kuhusu tumbo lao, sharti waone. Dawa ya buluu ilikuwa imebaki chupa tatu.

Saa saba mchana, steji ikiwa imejaa, alikwenda kwenye hoteli ya Susana. Susana alikuwa na kibanda kikubwa kuliko vyote, na mezani kwake kila siku alikaa Simeon, mwenyekiti wa steji, mtu mnene, mpole, aliyekula ugali kwa sukuma na matumbo kama mtu anayesali. Sukuma za Susana zilitoka kwa Mong'ina. Za hoteli zote zilitoka kwa Mong'ina.

"Mwenyekiti, nyanyuka kidogo nikuonyeshe kitu," alisema Priscah. "Na wewe, Susana. Dakika tano."

"Nimalize kula kwanza," alisema Simeon.

"Usimalize."

Kwa kuwa Nyar Sindo hakuwa na desturi ya kuongea sana, waliinuka. Na watu wakiona mwenyekiti ameacha sahani, hufuata. Makanga sita hivi wakaandamana, na wapishi wawili, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri gari la Rongo. Priscah alikuwa amempanga Javan, kondakta wa gari la Isebania, mtu mzima mwenye akili zake, asimame chooni na chupa tatu na ndoo nane za maji. Akiwaona wamepinda ukuta, amwage zote.

Waliposhuka, Priscah aliondoa yale matawi kwa ufagio. Bomba likaonekana. Harufu iliwapiga wote kwa pamoja, na mpishi mmoja akafunika uso kwa aproni. Walisubiri. Simeon alianza kusema kitu kuhusu ugali wake kupoa. Kisha bomba likakoroma, likakohoa, likamwaga buluu, buluu nzito kama wino, ikabeba na mzigo wake, ikaingia kijitoni na kuteremka mbele ya macho yao.

Macho yaliifuata ile rangi ikishuka, ikapinda, ikaingia kwenye kidimbwi cha mawe. Mong'ina alikuwepo. Alikuwa akinyunyizia matuta kwa kopo lenye matundu, na maji yaliyotoka humo yalikuwa na rangi ileile.

Susana alichuchumaa chini. Simeon alitoa leso akajipangusa midomo, akairudisha mfukoni, akaitoa tena akajipangusa ulimi.

"Miaka miwili nakula hapo," alisema taratibu. "Kila siku ya Mungu. Naongezewa na supu."

Mama wa Rongo alitapika. Baada yake wakatapika wengine, na makanga wawili waliokuwa wakimcheka wakamfuata.

Priscah hakuwa amepanga la Mong'ina. Alitaka waone bomba basi. Lakini makanga walikuwa wameshateremka. Waliingia shambani wakang'oa sukuma kwa mikono yote miwili, wakakanyaga dania, wakarusha karai mtoni. Mmoja alimnyang'anya Mong'ina lile kopo akalipiga teke, akainua mkono. Priscah aliwatambua wote. Huyu ndiye wa kutema miraa kwenye sinki. Yule hajawahi kulenga tundu hata siku moja. Bomba lilijaa vitu vyao wenyewe, na leo walikuwa mahakimu. Kinyaa kilichompanda saa ile kilikuwa kipya, hakikutoka kwenye pua.

Alishuka na ufagio wake akasimama mbele ya Mong'ina.

"Mmeshang'oa, inatosha," alisema. "Asiguswe."

Walimtazama, wakatazama ufagio ulivyokuwa na ulikotoka, wakarudi nyuma.

Kesho yake asubuhi alikuja afisa wa afya aliyepigiwa simu na Simeon, dada mmoja mwembamba aitwaye Joyline, amevaa gambuti zake mwenyewe. Priscah alizipenda zile gambuti kabla hajaupenda uso. Joyline alishuka mpaka kwenye bomba, akachukua maji kwenye chupa, akauliza maswali machache, akaandika. Saa nne vyoo vyote vilikuwa vimefungwa kwa kufuli na karatasi kubandikwa mlangoni. Saa tano simu ya Priscah ikalia, Stanley akamwambia kazi imekwisha, na gambuti za kampuni azirudishe.

Mtu angedhani steji ingemshukuru. Kwa siku mbili ilimshukuru. Siku ya tatu basi la Nairobi liliingia na watu hamsini, na choo hakuna. Wakaenda nyuma ya ukuta. Wakaenda kando ya matairi, wakaenda kwenye mtaro mbele ya hoteli, mchana kweupe, mabibi wamejifunika leso na wanaume hawajajifunika chochote. Baada ya wiki moja Kona Omanga ilinuka mpaka barabarani, na madereva walipandisha vioo kabla ya kona. Priscah akipita kwenda sokoni, makanga walimtupia maneno.

"Nyar Sindo ametufungia choo. Sasa tufanyie kwake?"

Hata Susana, ambaye wateja walimkimbia, alimwambia, "Ungetuambia sisi wawili tu, pole pole. Tungepata mboga kwingine. Hii yote ya nini?"

Priscah alikuwa akifua nguo za watu siku zile, ameinama juu ya beseni tangu asubuhi. Alijiuliza kama ni yeye aliyekosea. Kisha alimtazama Marion, ambaye tangu siku ya mayai hakuugua tena, mashavu yamerudi, anaruka kamba nje ya mlango, na swali likamtoka. Kilichobaki ni kichefuchefu kisicho na dawa. Watu walikuwa wameona kwa macho yao wanachokula, na wiki tatu baadaye waliukasirikia ufagio.

Mwezi wa Julai Simeon alikuja kwake, amepungua mwili, suruali imeshikwa na mkanda mpya. Kampuni ya Stanley ilikuwa imenyang'anywa vyoo. Tangi jipya lilichimbwa, Joyline akilisimamia kila siku, na sasa wenye magari wenyewe ndio wangeviendesha. Walitaka mtu.

"Nataka kuliona tangi," alisema Priscah.

"Liko pale. Zege tupu, kubwa kama nyumba."

"Nataka kuliona ndani."

Kwa hiyo siku iliyotangulia kufunguliwa, mbele ya mafundi waliokuwa wakichekelea, Priscah alikunja sketi, akashuka ngazi mpaka chini ya tangi tupu. Aligonga kuta zote nne kwa kipande cha nondo. Alipapasa pembe na vidole, akatafuta tundu lolote la kutorokea. Alikaa huko robo saa. Alipotoka alisema, "Sawa," akaenda kuvaa gambuti mpya.

Mong'ina hakurudi stejini. Alihamishia kibanda chake karibu na soko, na mboga zake sasa zilitoka Kisii kweli. Watu walisema alinunua kwa risiti na kuwaonyesha wateja. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Miezi hiyo yote Priscah hakumsalimia, na Mong'ina hakujaribu.

Ikafika Sabato ya meza ya Bwana. Kwa Wasabato, kabla ya mkate, waumini hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, kila mmoja akiosha ya mwenzake. Miaka minne Priscah alikuwa amemchagua Mong'ina, kwa sababu miguu yake ilikuwa safi. Siku hiyo alikuwa ameshamfikiria mke wa shemasi. Lakini kabla hajainuka, Mong'ina alikuwa amepiga magoti mbele yake na beseni na taulo begani.

"Dada," alisema, hakuinua macho. "Nilikuwa na karo ya watoto watatu. Nilisema moto unaua kila kitu."

"Dania hatupiki," alisema Priscah.

"Najua."

"Ulijua. Ndiyo maana ulipanda nyingine."

"Nilijua," alisema Mong'ina.

Wanawake wa karibu walikuwa wameacha kuimba. Priscah aliitazama ile mikono. Angeweza kusimama atoke nje, na hakuna ambaye angemlaumu. Alivua viatu. Mong'ina alimwosha miguu taratibu, kidole kwa kidole, akalia, machozi yakadondoka ndani ya beseni, na Priscah aliyaona yakiingia majini akatamani asingeyaona. Alikaza meno mpaka taulo lilipokuja.

Ikawa zamu yake. Alichukua beseni, akatoka nalo nje, akamwaga yale maji kwenye majani. Alilisuuza mara mbili kwenye mfereji, akalijaza maji mapya, akarudi akapiga magoti. Aliiosha miguu ya Mong'ina kama alivyojua kuosha, nyayo, visigino, kati ya vidole, akisugua palipoganda, akisuuza palipobaki povu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuosha kitu. Kinyaa hakikumtoka. Kilikuwepo alipoanza, kikawepo alipokuwa akikausha kwa taulo. Lakini alimaliza miguu yote miwili.

"Ubarikiwe, dada," alisema Mong'ina.

"Amina," alisema Priscah.

Wakaenda mezani, mmoja benchi la mbele, mwingine la nyuma. Jumapili asubuhi Mong'ina alimtumia Marion fungu la sukuma kwa mwanamke wa kanisani, na ndani yake kikaratasi cha risiti ya muuzaji wa Kisii. Priscah alikisoma pande zote mbili. Kisha akatoka nje na lile fungu, akampa ng'ombe wa jirani, akasimama kumtazama mpaka alipomaliza jani la mwisho.